Kijiwe cheupe

Jana nimepita njia ya Wete, wameanika karafuu juu ya majamvi hadi ukingoni mwa lami, dirisha la daladala liko wazi, ile harufu ikaniingia puani moja kwa moja. Mwenzangu wa siti anapiga chafya, mimi nimekaa kimya nawaza chungu cha udongo kilichokuwa kibarazani kwa tannie, mama mwenye nyumba wangu wa Cape Town. Mpemba ananusa karafuu anakumbuka Cape Town, mambo haya.

Ile miaka yangu ya kule siirudii yote. Niseme tu nlikuwa nakaa chumba cha uani kwa yule mama, nakata majani, nazibua mifereji ya paa, na nlikuwa namwita tannie kama kila mtu wa mtaa ule anavyowaita wanawake wa umri wake wanaoongea Kiafrikana. Alikuwa na vyungu vingi lakini kimoja ndo alikitenga peke yake, upande wa mashariki, chini ya paa. Ndani mchanga wa chengachenga na vijiwe vyeupe, na katikati vitu saba mfano wa gololi, kijani kilichopauka kama kimepakwa chaki, hakuna shina, hakuna jani la kueleweka. Siku ya kwanza nlidhani pambo. Tannie akacheka, akasema ni mmea, unaitwa Conophytum calculus, na hilo calculus (mimi nliwaza hesabu, nikaogopa) ni Kilatini tu, maana yake kijiwe. Kila gololi moja ni majani mawili yaliyoungana. Kazipanda mwenyewe kwa mbegu, miaka 19 imepita, na kubwa kuliko zote haijafika upana wa kifuniko cha soda. Kwao ni Knersvlakte, uwanda wa huko karibu na Vanrhynsdorp, kama kilomita 300 kaskazini ya Cape Town, ambako baba yake alikuwa akifuga kondoo. Jina lenyewe alisema ni uwanda wa kusaga meno, kwa vile mikokoteni ya ng'ombe ilivyokuwa ikisaga kokoto ikipita pale.

Sasa kitu cha kuelewa ni kwamba mvua kule inanyesha kipupwe. Juni mpaka Agosti unatetemeka baridi na mvua juu, hayo ndo masika yao, na gololi hizi zinakunywa na kukua mda huo huo. Likianza joto zinafunga duka. Kila moja inasinyaa, ngozi inageuka karatasi, na ndani ya karatasi ile mtoto wa mwaka mpya anamnyonya mama yake taratibu mpaka mvua irudi. Haya yote nlielezwa. Nlielezwa vizuri kabisa, sina kisingizio.

Desemba 2017 tannie akaenda kwa mwanawe wiki tatu, akabandika karatasi kwenye friji: Geen water nie. Hakuna maji. Chini yake kapiga mistari miwili.

Na ule ndo ulikuwa mwaka wa ukame. Mabwawa yanakauka, watu wanaoga wamesimama ndani ya beseni, yale maji ya kuogea ndo ya kuflashi choo, na ilipofika Februari tukawekewa lita 50 kwa mtu kwa siku. Huo ndo wakati mimi nikaingiwa na huruma ya mmea. Maana nimekulia kwenye mikarafuu ya babu, mche ukinyauka kwa jua la kaskazi unaupelekea maji kwa kopo, huulizi, na kila asubuhi nikipita pale naona zile saba zimekuwa kahawia, zimekunjamana, ukigusa zinachakarika kama ganda la kitunguu. Wiki ya pili nikajua zimekufa. Wiki hiyo hiyo nikajua pia nani atalaumiwa.

Ilikuwa asubuhi, ule upepo wao wa kusini mashariki umevuma usiku kucha, kibaraza kizima vumbi. Nikakaa kwenye kigoda, chungu mapajani. Nikachagua moja ya pembeni, nikaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye ncha ya ganda. Likapasuka kwa mlio mdogo sana, unausikia kwa kidole zaidi kuliko kwa sikio. Chini yake kuna ganda lingine, jembamba zaidi, jeupe, nalo nikalivuta kidogo kidogo kama unamenya yai lililogoma. Halafu kijani. Jamani, kijani! Kibichi, laini, kinang'aa unyevu, na juu yake kijistari kimoja kama mdomo uliofumbwa. Bustani imekauka, mji mzima unahesabu matone, na hiki kitu kimejaa maji kimejifungia ndani ya karatasi kimelala zake. Nikakiangalia mda mrefu. Nlijiskia kama nimefungua mlango wa choo na kumbe mtu yumo.

Mwenye akili angekifunika akaenda zake. Mimi nikaona kina kiu. Nikachota nusu kikombe kwenye ndoo, maji yangu ya kuogea hayo, povu limeshatulia, nikakimiminia.

Siku ya tano kikawa kama zabibu iliyochemshwa. Ya nane nikakichota kwa kijiko cha chai nikakitupa nyuma ya ukuta, na lile tundu nikaliziba kwa kijiwe cheupe kutoka humo humo chunguni, nikachagua kwa makini kinachotoshana na marehemu. Zile sita zikasalimika, nadhani maji hayakufika upande wao.

Tannie karudi, kaweka mabegi, hata chai hajanywa, kenda kibarazani. Namuona kupitia kioo cha mlango, anahesabu kwa kidole. Kidole kikafika pale kikasimama. Akasema "ses", yaani sita, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anasoma saa, akaenda kubandika birika. Mimi nikaenda kufagia pale nlipokwisha kufagia.

Aprili, usiku, akanigongea mlango. Njoo. Taa ya kibaraza kaizima. Nlinusa kabla sijaona: karafuu! Karafuu ya jamvini kabisa, Cape Town, saa tatu usiku. Nne kati ya zile sita zilikuwa zimetoboa karatasi zao na kutoa kila moja kiua kidogo cha manjano iliyokolea karibu na chungwa, maua ya kufunguka usiku, ya kuita nondo. Nikamwambia tannie hii harufu ya kwetu. Nikamweleza mambo ya kuchambua karafuu usiku kwa taa ya chemli, namna mikono inavyonuka mpaka ukila wali unakula karafuu. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu tukanyamaza wote wawili. Hapo ndo ilikuwa nafasi ya kusema. Kimya kilikuwa kirefu, ningeweza kukiri mara tatu. Nikamuuliza mbegu zake zinachukua siku ngapi kuota.

Siku hizi nikisoma habari za watu wanaozing'oa huko nyikani kwa maelfu wakauze nje ya nchi nawaita wezi kwa sauti kubwa, kisha nakumbuka kijiko cha chai nashusha sauti.

Nlipoondoka 2019 aliniambia nichukue moja. Nikakataa, nikasema Pemba joto na unyevu, itaoza, ambayo ni kweli tupu lakini sio sababu. Asubuhi ya safari nikapita kibarazani. Zilikuwa nane sasa, mbili zimejigawa. Mwaka ule tannie alikuwa amezihamisha, chungu kipya, mchanga mpya (mfuko nlimbebea mimi kutoka kwenye gari), na vile vijiwe vyeupe kavitoa vyote kaweka kokoto nyekundu. Vyote isipokuwa kimoja, kilichokaa pembeni, pale pale.