Nilivyoachana na malipo ya kila mwezi ya programu ya sauti

Mimi ni fundi wa mabomba hapa Nyalenda, Kisumu. Kurekodi nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, nakupenda tu, hakuniingizii kitu. Jumamosi nikikosa kazi hubeba kompyuta na maikrofoni mbili, nikapanda matatu hadi Kombewa kwa mzee mmoja anayeipiga tangu ujana wake.

Nyatiti ina nyuzi nane, lakini shughuli kubwa iko miguuni. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, akaigonga kwenye ubao wa ala, na njuga za gara zikaitikia. Maikrofoni moja naielekeza kwenye nyuzi, ya pili naiweka chini karibu na pete. Nikirudi nyumbani nakaa saa nzima kuzisawazisha, maana pete ikizidi kidogo nyuzi humezwa zote. Kwa hiyo programu ya kuhariri sauti siwezi kuikosa.

Katikati ya 2022 nilianza kulipia moja kwa dola 15 kwa mwezi. Dola ilikuwa kama shilingi 117, kwa hiyo shilingi 1,755. Kufikia Januari 2024 dola ilikaribia 160, nami nikawa natoa 2,400 kwa kitu kilekile. Bei yao haikupanda hata senti. Shilingi yetu ndiyo iliyoshuka. Na Januari ni mwezi wa karo. Kadi ya simu niliyokuwa nikilipia programu ikakosa pesa.

Jioni ile faili ilifunguka vizuri, nikasikiliza wimbo wote, ila kitufe cha kuutoa kama faili la kumtumia mtu kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Binti wa mzee alikuwa anarudi Mombasa kesho yake na nilikuwa nimemwahidi wimbo huo. Iliniuma sana. Nilimpigia mzee kumwomba radhi, akaniuliza, “Kijana wangu, hiyo mashine si yako?” Nikamwambia mashine ni yangu, kilicho ndani ndicho cha kukodi.

Nilikopa kwa dada yangu nikalipa mwezi mmoja wa mwisho. Mwezi huo sikurekodi chochote. Nilifungua nyimbo zote za nyuma, moja moja, nikatoa kila maikrofoni kama faili ya WAV yenye jina na tarehe, nikaziweka kwenye diski ya nje. WAV ni aina ya faili ya sauti inayofunguka karibu kwenye programu yoyote ya sauti. Ukitaka kuhama, fanya hivyo kabla muda wako haujaisha.

Kisha nikahesabu kwenye daftari. Mwaka 2023 nililipa miezi 12, kama shilingi 25,000, na kurekodi nilirekodi mara tano tu. Anayehariri video za harusi kila wiki akalipwa, malipo ya mwezi yanaweza kumfaa. Mimi yalikuwa yananila hata miezi ambayo kompyuta haijaguswa.

Programu niliyohamia ni REAPER. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa. Leseni ya mtu anayeitumia kwa mambo yake binafsi ni dola 60, mara moja. Niliyonunua, ya toleo la 7, inaendelea hadi toleo la 8 liishe. Niliipakua mwanzoni mwa Februari, na siku 60 zikakaribia kwisha Aprili, shilingi ikiwa imepata nguvu hadi kama 130 kwa dola. Nikalipa kama 7,800.

Wiki mbili za kwanza nilihangaika. Sura yake ni kavu, na haina hazina ya ala za kutengenezea midundo, kwa hiyo mpenzi wa midundo ya kompyuta atalazimika kuzitafuta kwingine. Kwangu hilo halikuwa pengo, kwani ala yangu iko Kombewa.

Binti wa mzee nilimtumia wimbo wake mwezi huohuo wa mwisho niliolipia, ukiwa umechelewa siku tatu. Baadaye nilikwenda tena kwa baba yake, mara ya kwanza baada ya miezi minne. Nikafungua kompyuta, nikasogeza maikrofoni karibu na pete, tukaanza.