Mtoto aliyesimamishwa juu ya meza

Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama, na nimewaona watoto wakiletwa kutoa ushahidi. Wengi hujibu huku macho yako kwa aliyewaleta, si kwa anayewauliza. Ndiyo maana kesi ya uchawi ya Lancaster, Uingereza, ya Agosti 1612 hainitoki moyoni.

Jennet Device alikuwa na miaka tisa hivi. Alipoingizwa ukumbini, mama yake Elizabeth alimpigia makelele na kumlaani. Mtoto akaangua kilio, akasema hawezi kuzungumza mama akiwa pale. Majaji wakaamuru mama atolewe, kisha Jennet akapandishwa juu ya meza ili watu wote wamwone. Akaeleza kwamba mama yake ana pepo mwenye umbo la mbwa wa kahawia, jina lake Ball, na humtuma kuua watu.

Kwa kawaida mtoto wa umri ule hakuapishwa. Kwenye uchawi mlango uliachwa wazi. Mfalme James mwenyewe aliandika mwaka 1597, akiwa bado mfalme wa Scotland tu, kwamba katika kesi hizi hata watoto wanafaa kuwa mashahidi. Jaji Bromley alijaribu kumpima Jennet: akawachanganya washtakiwa na wanawake wengine, na mtoto akaenda moja kwa moja kumshika mkono Alice Nutter, mmoja wa washtakiwa. Jamani, kumjua mtu kwa sura ni ushahidi wa uchawi? Tarehe 20 Agosti watu 10 walinyongwa, wakiwemo mama yake Jennet, kaka yake James na dada yake Alizon.

Mwaka 1634 mtoto mwingine wa Pendle, eneo lile lile alikotoka Jennet, aitwaye Edmund Robinson, akawataja majirani kuwa wachawi. Baraza la raia wanaoamua kama mtu ana hatia (jury) liliwaona wengi wao na hatia, lakini safari hii majaji walisita, wakalipeleka shauri kwa Mfalme Charles I. Wanawake kadhaa wakapelekwa London, wakapimwa na matabibu na wakunga chini ya William Harvey, yule aliyeeleza mzunguko wa damu. Na Edmund akatengwa na baba yake. Hapo akakiri: alichelewa kurudisha ng'ombe, akaogopa kipigo, akatunga.

Hilo la kumtenga ndilo lililohitajika 1612. Kati ya walioshtakiwa kwa maneno ya Edmund kuna jina la Jennet Device, na mwaka 1636 jina hilo bado limo kwenye orodha ya wafungwa wa Lancaster.