Maktaba ipo ndani, hodi haiitikiwi

Mjomba wangu wa Makorora alinipa kaseti tisa za taarab nimtilie kwenye flashi, asikilize garini. Kuzirekodi ilikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa kuzigeuza ziwe mp3 kwa SoX, programu ya kugeuza mafaili ya sauti, ambayo mimi, kwa ujuaji wangu, niliamua kuijenga mwenyewe kwenye Linux yangu kutoka kwenye msimbo wake.

./configure, amri inayokagua kama mashine ina vya kujengea, ikapita bila kelele; make, inayojenga yenyewe, nayo ikapita. Najaribu wimbo wa kwanza, naambiwa mp3 haijulikani!

Fundi mmoja wa Ngamiani akanishauri nifute Linux yote nianze upya. Nilimwitikia kwa adabu tu. Mwingine akasema shusha SoX tena, nikateketeza bando la kama elfu tano. Matokeo yale yale.

Ndipo nikapandisha maandishi ya configure hadi juu, nikaona: mp3......no. Kumbe ilishaniambia, mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai.

Lakini LAME, maktaba ya kutengenezea mp3 (yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huuazima), ninayo! Naiona kwa macho yangu, libmp3lame.so.0. Nikajiona mjanja: nikaiundia kiungo chenye jina libmp3lame.so, bila ile sifuri, maana hilo ndilo jina linalotafutwa wakati wa kuunganisha. Nikaendesha configure tena huku natabasamu. No. Nikahamisha kiungo folda nyingine. No. Usiku mzima nacheza na viungo, hadi adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikafungua config.log, faili ambamo configure huandika kila ilichojaribu, na ambalo hakuna mshauri wangu hata mmoja aliyelitaja. Configure haitazami orodha ya vilivyomo kwenye mashine. Inaandika kijiprogramu cha C, conftest.c, inajaribu kukikompaili, yaani kukigeuza kiwe programu. Ni kama mgeni anayepiga hodi: asipoitikiwa anaandika "hakuna mtu" na kwenda zake, na kwa kuwa maktaba yenyewe ni ya hiari, hakasiriki. Mstari uliokuwa ukinisubiri: lame/lame.h haipo. Nilikuwa na maktaba ya kuendeshea programu, sina faili la heda, lile linaloeleza vilivyomo kwenye maktaba, la kujengea. Hilo limo kwenye kifurushi kingine, libmp3lame-dev. Basi! Nikakiweka, nikafuta viungo vyangu vya aibu, nikarudia configure (make peke yake haitoshi), ikasema yes.

Baadaye nimegundua ningeweza kuweka SoX iliyokwisha jengwa ya Ubuntu, hiyo Linux yangu, na kifurushi chake cha mp3, libsox-fmt-mp3, dakika mbili. Hilo mjomba hajui. Juzi kaleta kaseti nyingine kumi na nne.