Vigae vya kingo zisizonyooka: mistari imekaa sawa

Hatimaye ukuta wa jikoni hapa Umoja umetulia. Vigae nilivyonunua vilitengenezwa kwa mkono, kingo zina mawimbi, na kimoja kingeweza kumzidi mwenzake milimita 2 au 3. Nilianza na misalaba ya plastiki ya milimita 3, ile inayowekwa kati ya vigae ili nafasi zilingane. Kufika safu ya nne, mstari ulikuwa umepanda upande mmoja. Nikabandua, nikajaribu kuvibananisha bila nafasi. Ikawa mbaya zaidi.

Kilichosaidia ni kuiacha misalaba kabisa. Nilipanga vigae 10 sakafuni, nikapima urefu wote pamoja na nafasi, nikagawanya kwa 10. Kipimo hicho nikakitia alama kwenye ubao mwembamba, kisha kwa pima maji na penseli nikachora miraba ukutani. Gundi nilipaka eneo dogo dogo ili mistari isifunikwe yote. Kila kigae nikakiweka katikati ya mraba wake, nikakishikilia kwa vipande vya katoni vilivyokunjwa. Hapo ndipo penye siri: jicho hufuata katikati ya kigae, halifuati ukingo. Nafasi zikatoka milimita 4 hadi 6, na huwezi kuziona zikitofautiana.

Baada ya saa 24 nikajaza grauti (saruji ya kuziba nafasi kati ya vigae) yenye mchanga, kwa kuwa ile laini isiyo na mchanga hupasuka nafasi ikizidi milimita 3. Rangi nilichagua inayokaribiana na vigae. Sponji ya kufutia ikamuliwe sana, na ufute kimshazari.