Flashi ya Terabaiti Mbili, Mizani ya Jikoni na Sumaku ya Friji

Dada yangu mkubwa alifika kwangu Umoja, Nairobi, Jumapili moja jioni akiwa na flashi nyeusi yenye kifuniko cha chuma, nzito kidogo mkononi na ya kupendeza macho, akitaka nimhamishie video za ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, ya binti yake kwenye tarakilishi. Ubavuni palikuwa pamechapishwa 2TB. Alikuwa ameinunua kwa shilingi 900 katika kibanda kimoja cha barabara ya Luthuli, na kwa kuwa ilisemekana kuwa na nafasi kubwa kiasi hicho, alikuwa amemimina humo kila kilichokuwa kimejaa kwenye simu yake, kisha akaifuta simu ili ipate nafasi.

Nilipoichomeka, majina ya faili yote yalionekana, na kila moja lilikuwa na ukubwa wake na tarehe yake. Video za mwanzo zilifunguka bila shida: wageni wakiimba langoni, wasichana waliofunikwa leso wakipangwa mstari ili muoaji amtambue wake. Kuanzia video ya kumi na tisa hapakuwa na kitu. Programu ilifunguka, ikabaki nyeusi, ikajifunga. Tulijaribu ya ishirini, ya ishirini na moja, tukaruka hadi ya mwisho, na hali ikawa ile ile.

“Kwani zimeenda wapi, na majina yake si haya hapa?” dada aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki kuliko alivyodhani, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza ulaghai wote.

Ndani ya kila flashi mna vitu viwili muhimu: chipu inayohifadhi data, na chipu nyingine ndogo inayoisimamia ile ya kwanza na kuieleza tarakilishi kuna nafasi kiasi gani. Tarakilishi haina njia ya kuchungulia ndani. Hupokea tu maelezo ya msimamizi huyo. Basi mlaghai huchukua chipu ya gigabaiti 32, au hata 8, akamfundisha msimamizi kusema kwamba ni terabaiti mbili. Ukinakili faili chache, zinaingia salama, na ndiyo maana jaribio la dakika moja pale kibandani hufaulu kila mara. Nafasi halisi inapokwisha, msimamizi huendelea kupokea data kwa adabu zote, ila ama huitupa, ama huiandika juu ya ile iliyotangulia. Orodha ya majina, kwa kuwa huwekwa mwanzoni mwa flashi, hubaki nzima. Ni sawa na daftari la wageni lililojaa majina katika hoteli yenye vyumba vinne.

Jambo lililoniuma ni kwamba hapakuwa na cha kuokoa. Kuna programu nzuri ya bure iitwayo PhotoRec, ambayo Christophe Grenier huitoa pamoja na mwenzake TestDisk, nayo imenirudishia picha zilizofutwa kwenye memori kadi zaidi ya mara moja. Lakini PhotoRec hutafuta kilichoandikwa kisha kikafutwa. Kile ambacho hakikuandikwa hata mara moja hakina pa kutafutwa. Video za mahari tulizipata kwa vipande kutoka kwa jamaa waliotumiwa kwa WhatsApp, zikiwa zimebanwa hadi nyuso za wazee zikawa kama zimechorwa kwa mkaa.

Tangu siku hiyo sihifadhi kitu kwenye flashi au memori kadi mpya kabla ya kuipima. Kwa wenye Windows kuna H2testw, programu ndogo ya kizamani iliyoandikwa na Harald Bögeholz wa jarida la Kijerumani la c't, ambayo haihitaji hata kusakinishwa. Kazi yake ni moja tu: huijaza flashi kwa faili za gigabaiti moja moja zenye data inayojulikana, kisha huzisoma tena zote kuangalia kama kilichorudi ndicho kilichoingia. Kwa wanaotumia Linux, F3 ya Michel Machado hufanya kazi hiyo hiyo kwa amri mbili, f3write na f3read, na ina ndugu yake f3fix, ambaye huipunguza flashi ya uongo hadi ukubwa wake halisi ili iweze kutumika kwa uaminifu. Flashi ya dada sasa inajiita ya gigabaiti 29 na haijanisumbua tena.

Kasoro ya njia hii ni muda. Flashi ya bei rahisi huandika kama megabaiti 10 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kuijaza terabaiti mbili kungechukua zaidi ya saa 55, bila kuhesabu kusoma, na bila kuhesabu stima kupotea katikati, jambo ambalo mtaani kwetu si la kubahatisha. Kwa hiyo siku hizi huanza na ValiDrive, ambayo Steve Gibson aliitoa bure mwaka 2023. Badala ya kujaza flashi nzima, hugusa sehemu 576 zilizotawanywa kwa nafasi sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, huandika, husoma na kurudisha kilichokuwapo, na huchora ramani ya miraba ya kijani na myekundu. Flashi ya uongo huonyesha mistari michache ya kijani juu na bahari ya wekundu chini. Ramani hiyo imenisaidia kuwaeleza watu ambao maneno yangu yote hayakuwaingia. Hata hivyo, kama tayari kuna vitu vyako ndani, vinakili kwingine kwanza, kwa sababu kwenye flashi ya uongo kuandika popote kunaweza kuharibu kilicho mahali pengine.

Lazima nimtetee muuzaji katika jambo moja. Ukinunua flashi ya gigabaiti 64 na Windows ikakuonyesha 59.6, hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huhesabu 1,024 × 1,024 × 1,024. Nimeshuhudia ugomvi mkali dukani juu ya tofauti hiyo, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa upande wa mwenye duka.

Nikiwa na hasira ya flashi, nilianza kuvitazama vifaa vyangu vingine kwa jicho la polisi wa trafiki. Cha kwanza kukamatwa kilikuwa pawabanki iliyoandikwa 50,000mAh, kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. Hapa hakuhitajiki programu, mizani ya jikoni inatosha. Betri za duara zinazotumika katika pawabanki nyingi huitwa 18650, kwa maana zina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65; kila moja ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na zilizo bora hubeba takriban 3,500mAh. Ili kufikisha 50,000 unahitaji betri kumi na tano, yaani karibu gramu 700 kabla ya kuhesabu ganda. Betri bapa nazo hazikuokoi, maana uzito wake kwa nguvu ile ile haupishani sana na huo. Pawabanki yangu ilikuwa na gramu 190. Huo ni uzito wa pawabanki ya kweli ya 10,000, ukiwa na bahati.

Hata nambari ya kweli ina tafsiri yake. 20,000mAh zilizoandikwa kwenye ganda hupimwa kwa volti 3.7 za betri yenyewe, ilhali simu hupokea volti 5, na ukizigeuza unabaki na 14,800, kisha nyingine zinapotelea njiani kama joto. Uongo wa nambari unaweza pia kukugharimu uwanja wa ndege, kwani mashirika ya ndege huruhusu pawabanki za hadi saa-wati 100 ndani ya mzigo wa mkononi, nayo 50,000mAh kwa volti hizo 3.7, kwa karatasi, ni 185. Mkaguzi pale JKIA hana mizani ya kukutetea. Atasoma kilichoandikwa na kukunyang'anya betri ambayo haikuwahi kuwapo. Ikiwa pawabanki imevimba, isichajiwe tena wala isitobolewe, na isilale chini ya mto wa mtu yeyote.

Ekstensheni ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa sababu flashi ya uongo huunguza kumbukumbu, ilhali ekstensheni ya uongo huunguza nyumba. Ya jikoni kwangu ilikuwa na tabia ya kupata vuguvugu kwenye plagi, nami nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Nilipoichomoa na kuifungua, mahali pa fyuzi nilikuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, iliyosokotwa kwa ustadi. Sikumbuki aliyeifanya kazi hiyo, na ninaomba isiwe mimi.

Plagi zetu za pini tatu ni za mtindo wa Uingereza, na fyuzi iliyo ndani yake haikuwekwa kama pambo. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujashika moto. Fyuzi kubwa kuliko zote ni ya ampea 13, ambazo kwa volti 240 ni wati 3,120. Birika la umeme la wati 2,000 likiwaka pamoja na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja, umekwisha kuvuka mpaka huo, na hapo tumechukulia kwamba waya una unene unaostahili. Waya mwembamba huchemka mapema zaidi, hasa ukiwa umekunjwa kama kamba ya ng'ombe, kwa sababu joto lake halina pa kutokea.

Uvumbuzi wangu wa mwaka, basi, ni sumaku niliyoibandua kwenye mlango wa friji. Pini za plagi nzuri ni za shaba ya manjano, na shaba hainaswi na sumaku. Plagi ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya heshima. Hupitisha umeme vibaya na kupata joto. Sumaku haiwezi kugundua waya wa alumini uliopakwa shaba, kwa kuwa alumini nayo hainaswi, lakini hapo kisu kidogo kwenye ncha ya waya kitakuonyesha weupe chini ya wekundu. Kosa jingine halionekani kabisa kwa macho: ekstensheni ya pini tatu ambayo ndani yake mmepita waya mbili tu, hivyo pini ya ardhini ni ya urembo. Mwombe fundi mwenye mita akupimie, ekstensheni ikiwa imechomolewa ukutani, kama pini ya ardhini inawasiliana na tundu lake kule mwisho. Ni kazi ya sekunde kumi, na kwa friji au pasi yenye mwili wa chuma ndiyo tofauti kati ya fyuzi kukatika na mtu kupigwa na umeme.

Kuhusu stika za ubora, usiishie kuzitazama. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, lina nambari ya ujumbe mfupi ya 20023, ambako unatuma herufi SM, alama ya #, kisha nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora kwenye stika, nalo hujibu kibali hicho ni cha bidhaa gani na cha nani. Mara moja nilijibiwa kwamba kibali kilichokuwa kwenye ekstensheni kilikuwa cha bidhaa isiyohusiana na umeme hata kidogo.

Jumamosi iliyopita nilirudi Luthuli kutafuta ekstensheni nyingine. Katika kibanda cha tatu nilitoa sumaku mfukoni na kuigusisha kwenye plagi niliyopewa, ikanasa kwa mlio mdogo. Kijana muuzaji aliitazama, akanitazama.

“Bosi, kwani wewe ni wa KEBS?”

Nilimwambia mimi ni mnunuzi tu. Akainama, akatoa chini ya meza ekstensheni nyingine, nzito zaidi na ghali kwa shilingi 650 zaidi. Sumaku haikunasa, nikalipa. Nilipokuwa nikihesabu chenji aliniomba nimwazime ile sumaku, akaanza kuipitisha kwenye plagi zilizoning'inia ukutani, moja baada ya nyingine, na alipofika ya nne akanirudishia bila kusema neno.