Miradi ina hela, shirika halina

Ukikuta shirika lisilo la kiserikali (NGO) la pale Sinza, Dar es Salaam, lina milioni 300 benki na mishahara ya mwezi imechelewa, usikimbilie kusema kuna mtu kala. Mara nyingi hela zote zile zina wenyewe. Milioni 180 ni za mradi wa maji, milioni 120 ni za mradi wa wasichana mashuleni, kila shilingi imeshaandikiwa kifungu chake cha bajeti. Mhasibu, mlinzi na luku ya ofisi hawamo katika kifungu chochote.

Kosa lenyewe lilifanyika zamani, usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kutuma andiko la kuomba fedha. Bajeti ilizidi kiwango cha mfadhili, ikabidi ipunguzwe. Kilichokatwa kwanza ni pango, ukaguzi na nusu ya mhasibu, kwa sababu havina picha ya kuweka kwenye ripoti.

Dawa yake ni kuandaa bajeti ya shirika zima kabla ya bajeti ya mradi wowote. Karatasi moja ya Excel inatosha. Mistari ni gharama zote za mwaka, safu ni vyanzo vya fedha, na safu ya mwisho iitwe "haina mwenyewe". Kila andiko jipya likiandikwa, mtu aifungue karatasi hiyo aone ni gharama gani za safu ya mwisho zinaweza kuingia kihalali. Bodi nayo iletewe karatasi hiyo hiyo, si taarifa za mradi mmoja mmoja ambazo kila moja inang'aa peke yake.

Halafu gharama ziandikwe zilivyo. Mshahara wa 1,500,000 kwa mwezi haumgharimu mwajiri 1,500,000. Ongeza NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 ya upande wa mwajiri, 150,000. Ongeza WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, 7,500. Kama mna waajiriwa 10 au zaidi na hamna msamaha, ongeza na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5, yaani 52,500. Jumla ni 1,710,000. Aliyeandika milioni 18 kwa mwaka ameshapungukiwa 2,520,000 kwa mtu mmoja, na hapo likizo na gharama za kuachana na mfanyakazi hazijaguswa. Na tusidanganyane: cheti cha usajili wa NGO si msamaha wa kodi. Kutambuliwa na TRA, mamlaka ya mapato, kama shirika la hisani ni maombi mengine kabisa.

Pango lina mtego wake. Mwenye nyumba anasema anataka milioni 10 zake za mwaka, kamili, mambo ya kodi ya zuio hayamhusu. Sheria inakutaka wewe mpangaji uzuie asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Ukimlipa zote, deni la zuio linabaki kwako. Kama kweli mmekubaliana apokee milioni 10 mkononi, basi pango la kuandika kwenye mkataba na kwenye bajeti ni milioni 10 gawa kwa 0.9, sawa na 11,111,111, na zuio ni 1,111,111. Usipoandika hivyo, tofauti itatafutwa baadaye na haitapatikana, maana wafadhili karibu wote hawalipi faini wala riba ya kodi.

Gharama za pamoja ndizo wakaguzi wanapenda kukaa nazo. Kugawa mshahara wa mhasibu 50, 30 na 20 kwa miradi mitatu si dhambi. Dhambi ni asilimia hizo kubaki vilevile miezi 12 mfululizo kwa sababu ndivyo bajeti ilivyosema. Taimushiti (karatasi ya saa za kazi) ionyeshe kazi ilivyofanyika, si ilivyopangwa. Mkaguzi anayejua kazi haanzi na jumla, anaanza na kalenda. Akikuta tarehe 26 Aprili umejaza saa nane za mradi wa maji wakati ni sikukuu ya Muungano na ofisi ilifungwa, anachukua na faili la likizo, kisha daftari la gari. Mwezi mzima ukiwa umejazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, siku moja, hahitaji kuuliza maswali mengi.

Kuhusu asilimia ya gharama za uendeshaji, soma imepigwa juu ya nini. Fedha za serikali ya Marekani kwa shirika lisilo na kiwango chake lililokubaliana na serikali hiyo zinaruhusu hadi asilimia 15 tangu Oktoba 2024, zamani ilikuwa 10. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauvuki 7. Lakini ile 15 haipigwi juu ya kila kitu. Ukiwa na gharama za moja kwa moja dola 200,000, na ndani yake kuna gari la dola 40,000, gari linatoka kwanza. Unapata dola 24,000, si 30,000. Dola 6,000 za hewani zimeshawaingiza watu wengi kwenye mikataba ya ofisi wasiyoimudu.

Sasa lile la kukopa mradi mmoja kulipa mwingine. Linaanza kwa nia njema: awamu ya pili ya fedha imechelewa, mafunzo ya Mbagala yameshatangazwa, tuazime kidogo kule. Awamu ikifika inakuta madeni, nayo inaazimwa kwingine, na baada ya robo mbili hakuna anayejua salio la benki ni la nani. Mikataba mingi inakataza moja kwa moja. Njia salama ni akaunti ya benki kwa kila mradi pale mfadhili anapotaka, msimbo wa mradi kwenye kila hati ya malipo, usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa ya benki) kila mwezi, na akiba ya shirika ambayo si ya mfadhili yeyote. Akiba ya miezi mitatu ya gharama za lazima ni shabaha nzuri. Ya mwezi mmoja nayo ni bora kuliko hadithi.

Mikataba ya kurudishiwa fedha baada ya kutumia ni hatari zaidi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waliokuwa wameshatumia na kusubiri kulipwa walibaki wamebeba madeni ya watoa huduma. Kabla ya kusaini mkataba wa namna hiyo, chora mtiririko wa fedha mwezi kwa mwezi, utafute mwezi wenye salio la chini kabisa, ujiulize pengo hilo litazibwa na nani.

Shilingi nayo ina mambo yake. Mwishoni mwa Novemba 2024 dola ilikuwa juu ya 2,600, mwisho wa Desemba ikawa karibu 2,400. Awamu ya dola 50,000 uliyoipigia hesabu kwa 2,650 ni milioni 132.5. Ikiingia kwa 2,400 ni milioni 120. Milioni 12.5 zimeyeyuka na hakuna aliyekosea. Andika bajeti kwa kiwango cha chini kuliko cha leo, na uulize mapema kama mkataba unaruhusu kuhamisha kati ya vifungu bila kibali. Wengi wanaruhusu asilimia 10, wengine hata shilingi hawataki.

Nyaraka ni kazi ya kila siku. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye jina la shirika na TIN, namba yake ya mlipakodi, si "cash". Profoma (hati za bei) tatu za Kariakoo zenye namba moja ya simu chini hazihesabiki kuwa tatu. Posho za washiriki zilipwe kwa simu, na orodha ya mahudhurio ilingane na majina yaliyotokea kwenye muamala. Bodaboda hatoi risiti, basi iwepo fomu yenye tarehe, safari, kiasi na sahihi. Mtu ambaye hajarejesha hesabu za masurufu (fedha alizotanguliziwa kwa kazi) asipewe mengine. Na mkataba wa ufadhili unaozidi milioni 20, kanuni za mwaka 2018 zinataka ufike kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Watu hukumbuka siku ya 40.

Mwisho wa mradi uangalie pango tena. Wenye nyumba wa Dar wanataka miezi sita au mwaka mbele. Ukilipa mwaka mzima Januari na mradi unafungwa tarehe 30 Juni, miezi sita ya pili si gharama ya mradi hata kama hela ilitoka kwenye akaunti yake. Irudishwe au ipate chanzo kingine kabla ripoti ya mwisho haijatumwa.