Siku moja maishani mwangu: nguzo ya saa tano

Saa 11:40 alfajiri

Mwezi wa saba Arusha si wa kuamka kwa hiari. Nakaa Sakina, upepo unaoshuka Meru unafika dirishani kwangu kabla ya jogoo wa jirani. Chai ya tangawizi, masweta mawili, kilemba. Simu imelala chaji, sijaigusa.

Saa 1:30 asubuhi

Haisi imejaa, nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya mtindi na kijana anayesikiliza mahubiri bila spika za masikioni. Mlima umejifunika wingu, kama kawaida yake msimu huu. Nashuka karibu na Mnara wa Saa, ofisi yetu iko ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge.

Wasionijua: kazi yangu ni kusoma logi, yaani kumbukumbu ambazo seva hujiandikia. Tuna mfumo wa malipo unaotumiwa na hoteli na kampuni za safari za Arusha na Moshi. Kila mgeni anapolipa, seva inaandika mstari mmoja: muda, hoteli, mtandao aliolipia, kiasi, na hali, yaani imepita au imefeli. Mistari hiyo ni maelfu kwa siku, hakuna macho ya kuisoma. Tunaiuliza kwa Splunk, programu ya kupekua logi, inatuchorea chati, chati zinakaa kwenye televisheni ya ukutani ili bosi azione akipita na kikombe chake. (Jina la Splunk limetokana na neno la Kiingereza la kutalii mapango. Mimi huwafikiria wale wanaoingia Amboni kule Tanga na tochi. Ndivyo kazi ilivyo, isipokuwa popo.)

Saa 2:50 asubuhi

"Shikamoo bosi."

Hakuitikia marahaba. Alinyoosha kidole kwenye televisheni. "Saa tano usiku kulitokea nini?"

Chati ya malipo yaliyofeli kwa siku 7. Siku sita zote zimelala chini, sifuri tupu, kama ziwa Manyara wakati wa kiangazi. Halafu leo, nguzo zimesimama, na ndefu kuliko zote imeandikwa 05:00.

Dada wa uhasibu naye alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni. "Mwaya, nimeshaanza kuwaandikia washirika wetu wa malipo. Barua kali."

Nikamwomba asiitume. Kwanza, ile 05:00 si saa tano. Akaunti inayoendesha televisheni ilifunguliwa ikiwa kwenye saa za UTC, ile saa ya kimataifa, sikuwahi kuibadilisha. Sisi tuko mbele kwa masaa matatu, kwa hiyo 05:00 ni 08:00 ya hapa, na 08:00 ya hapa ni saa mbili asubuhi. Ukitaka kusoma UTC kwa Kiswahili, toa tatu. Nimewaambia ofisi nzima mara nyingi, na kila mara wananiangalia kama nauza bima.

Pili, sifuri siku sita mfululizo haiwezekani. Kila siku kuna mgeni anayekosea namba ya siri. Hapo tumbo likaanza kuniuma, maana nilikumbuka Ijumaa.

Saa 3:20 asubuhi

Ijumaa jioni, dakika kumi kabla ya kutoka, chati ilikuwa nzito kufunguka. Nikaongeza mstari mmoja ili iwe nyepesi. Huu hapa, aibu yangu hadharani:

index=malipo earliest=-7d
| head 1000
| search hali="imefeli"
| timechart span=1h count

Ile alama iliyosimama wima sisi tunaiita bomba. Kinachotoka amri ya juu kinaingia amri ya chini, na amri ya chini haioni matukio yoyote yaliyokatwa kabla. Wazo lenyewe ni la Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, Douglas McIlroy alilipigania mpaka likaingizwa mwaka 1973, na hadi leo linatutia adabu.

Sasa soma kwa mpangilio. Mstari wa kwanza unaomba malipo ya siku 7. Splunk huleta matukio mapya kwanza. head 1000 ikachukua elfu moja ya juu, yaani ya usiku na asubuhi hii tu, ikayafunga yaliyobaki nje. Ndipo search ikachuja yaliyofeli ndani ya hizo elfu. Ndipo timechart, amri ya kuhesabu na kuchora kwa muda, ikijua imeombwa siku 7, ikachora siku 7: pale ilipokosa kitu ikaweka sifuri. Haikusema "sina data". Iliweka sifuri, na sifuri kwenye chati ya malipo yaliyofeli ni habari njema sana. Mhimili wa wima nao hujipima kwa kilichopo, basi malipo arobaini yaliyofeli yakasimama kama Kibo.

Kwa nini jana Jumapili hakuna aliyeona? Kwa sababu ni Jumapili.

Nikaondoa head, nikapandisha kichujio mstari wa kwanza:

index=malipo hali="imefeli" earliest=-7d
| timechart span=1h count

Ikaja nyepesi vilevile, maana sasa haibebi malipo yaliyopita ambayo hatuyahitaji. Siku zote saba zikasimama zikifanana, vilima vidogo vya asubuhi na jioni. Isipokuwa Jumamosi, 16:00. Pale kuna nguzo moja inayozidi wenzake mara tano.

"Jumamosi wageni wengi," bosi alisema, akaenda zake na kikombe. Dada wa uhasibu alifuta barua yake, lakini polepole, kama mtu anayerudisha sambusa sahanini.

Saa 4:30 asubuhi

Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo anatoka Moshi, ana wiki ya tatu. Anapenda kujua, ila ana mkono mwepesi. Alikuwa anaangalia kila kitu kutoka mezani kwake.

"Dada, kwa hiyo sheria ni kuchuja mwanzoni?"

"Ndiyo." Nilijibu haraka. Kumbuka jibu hili, litanirudia mchana.

Nikampa kazi ya kweli. Wenzetu wa Moshi walikuwa wamepiga simu: kwenye chati ya malipo kwa kila hoteli, hoteli zao nne hazionekani. Akaangalia ulizo lililokuwepo, timechart span=1d count by hoteli, na mwishoni amri ya fields inayochagua hoteli hizo nne. Majina yako sahihi, herufi sahihi, chati tupu.

Nilimwacha ahangaike robo saa, kisha nikamwonyesha rangi moja kwenye chati nzima, iliyo nene kuliko zote: OTHER. timechart ikigawanya kwa hoteli huchukua kumi zenye jumla kubwa, zilizobaki inazitia kapu moja. Hoteli za Moshi ni ndogo ukilinganisha na zile za Arusha, zote zimeishia kapuni. Kuzichagua baada ya hapo ni kama kumenya ndizi kwenye mtori ulioshapondwa.

"Mtori naujua," alisema, akacheka. Akachuja hoteli nne kwanza, timechart baadaye. Zikatokea zote, na kapu likatoweka, maana nne hazifiki kumi.

Saa 7:10 mchana

Loshoro kwa mama wa kona. Mahindi yake huwa laini, maziwa yameganda vizuri. Sina la kusema zaidi, nilikula kimya nikiiwaza Jumamosi.

Saa 8:00 mchana

Wageni wengi, bosi alisema. Inawezekana. Malipo mengi huzaa kufeli kwingi. Idadi peke yake haiwezi kujibu hilo, nilihitaji asilimia: kati ya majaribio ya saa ile, mangapi yalifeli. Nikamwachia kijana.

Akaleta chati yenye mstari mnyoofu kama rula, juu kabisa: 100, 100, 100, juma zima.

"Dada, kila malipo yanafeli."

Nilitaka kucheka, nikakumbuka nilichomwambia saa nne na nusu. Alikuwa amenitii. Mstari wa kwanza aliweka hali="imefeli", kisha akahesabu waliofeli juu ya jumla. Lakini jumla yenyewe ilikuwa imeshachujwa, waliopita wote wamebaki mlangoni. Ukigawanya waliofeli kwa waliofeli utapata mia kila siku ya Mungu.

Hapo nikakubali kwamba "chuja mwanzoni" ni nusu ya maneno. Unachuja mwanzoni kile ambacho hesabu yako haitakihitaji kamwe. Tukarudi nyuma, tukaacha zote ziingie:

index=malipo earliest=-7d
| timechart span=1h count as jumla, count(eval(hali="imefeli")) as zilizofeli
| eval asilimia=round(100*zilizofeli/jumla,1)
| fields _time asilimia

Mara ya kwanza aliiweka ile eval ya asilimia (amri ya kukokotoa) juu ya timechart. Splunk haikulalamika. Ilitafuta jumla na zilizofeli, haikuziona kwa kuwa hazijazaliwa bado, ikatoa utupu bila kosa hata moja la rangi nyekundu. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ukikosea mabano inakupigia kelele, ukikosea mpangilio inakuchorea chati nzuri kabisa ya uongo.

Alipoishusha chini, mstari ukakaa mahali pake, wiki nzima chini kidogo, na Jumamosi 16:00 ukaruka. Si wageni wengi. Tukaongeza mtandao kwenye mstari wa kwanza, mmoja baada ya mwingine (hapo ndipo kuchuja mapema kunafaa), na mtandao mmoja tu ndio ulioruka. Mingine imetulia.

Saa 9:40 alasiri

Bosi alitaka pia mapato ya mwezi yanayojumlishwa siku hadi siku, yapande. Kijana akamletea mstari unaoshuka, kutoka kilele tarehe moja hadi karibu na sifuri leo. Bosi alikaa chini.

Alikuwa ameandika streamstats sum(kiasi) as jumla, ndipo timechart span=1d max(jumla). streamstats hujumlisha kwa jinsi matukio yanavyoingia, na yanaingia mapya kwanza, kwa hiyo ilianza kuhesabu leo ikirudi nyuma.

"Niweke sort _time kabla?"

Hapana! Mwaka jana niliweka hiyo. sort isipoambiwa vingine huishia kwenye matokeo 10,000, na ukipanga kwa muda kutoka zamani, zinazokatwa ni za karibuni. Wiki mbili za mwisho zilitoweka na nikaulizwa kama tumefunga biashara. Kuna sort 0 ya kuondoa kikomo, lakini hapa haihitajiki: badilisha zamu tu. timechart span=1d sum(kiasi) as kiasi kwanza, na yenyewe hutoa siku kwa mpangilio wa kupanda, ndipo streamstats sum(kiasi) as jumla ikafuata. Amri mbili zilezile, zimebadilishana nafasi, na mapato yakapanda. Bosi akasimama.

Saa 11:15 jioni

Nikawapigia washirika wetu wa malipo, kwa upole, barua ya asubuhi ikiwa haipo duniani. Kaka wa zamu alinisikiliza, akaomba chati. Nikamtumia. Kimya kidogo.

"Dada, mbona unasema Jumamosi saa kumi? Sisi hitilafu yetu ilikuwa saa moja usiku. Mafundi walikuwa wanabadilisha seva."

"Ni hiyohiyo, kaka. 16:00 ya kwangu ni saa moja yako."

"Kivipi?"

"Unatoa... subiri kidogo."

Nikafungua mipangilio ya akaunti ya televisheni, nikachagua saa za Afrika Mashariki kwenye orodha, nikahifadhi, nikamtumia chati upya. 19:00.

"Sawa, sasa nimeiona," akasema. Nje wingu lilikuwa limeondoka na Meru ipo yote, hadi nchani. Nilikuwa nimechelewa haisi ya kwanza.